Digrii tatu, kazi hakuna: Wasomi wetu waende wapi?

JUMA lililopita, baada ya swala ya magharibi, mpwa wangu alinijia nyumbani akiwa na bahasha mkononi. Alinisalimu, akanibusu mkono kama alivyozoea tangu utotoni, kisha akaketi kimya. Mpwa wangu huyu si mtoto mdogo. Ana umri wa miaka 36, na jina lake sasa huandikwa likitanguliwa na neno "Dkt.", kwani ana digrii tatu za kemia, ya tatu ikiwa ni ile kubwa kabisa ya udaktari wa falsafa, ambayo watu wengi huijua kwa herufi zake za Ph.D.

"Mjomba," akaniambia, "nataka rai yako. Kuna shule moja yatafuta mtu wa kuangalia maabara. Wanataka mwenye diploma, au digrii moja ikizidi. Sasa je, nikiandika ile digrii yangu ya kwanza pekee, hizi mbili nyengine nikazinyamazia, n'takuwa nimesema uongo?"

Kusema kweli nilikosa la kumjibu. Nilimwambia aningoje mpaka nimuulize mwenye elimu kuliko mimi, nikabadilisha maneno, tukanywa chai. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, kwa sababu mimi ndiye niliyemtia binti huyu katika njia hiyo.

Mwaka 2017 dadangu, ambaye ni mjane, alituita jamaa zake nyumbani kwake Kisauni. Binti alikuwa amekwisha pata digrii ya pili na akataka kuendelea. Ada yake ilikuwa laki kadhaa, licha ya nauli, dawa za maabara na gharama za kuchapisha. Mkopo wa HELB hakuutaka, kwani kwa miaka mingi mkopo ule ulikuwa na riba ya asilimia 4, na babake, Mungu amrehemu, alikuwa amewausia watoto wake wasile riba wala wasilishe. Kilichobaki kilikuwa ni kiwanja kimoja cha urithi. Wengine katika majlisi ile walisema kiwanja kisiguswe. Mimi nikasimama nikasema kiuzwe. Nakumbuka maneno yangu vizuri, maana nilijiona nasema hekima: kwamba ardhi ya Kisauni hukaa siku moja ikazuka na wenyewe watatu na hati zao tatu, bali elimu haina mtu wa kuja kuidai mahakamani.

Kiwanja kikauzwa. Leo juu yake pana nyumba ya ghorofa nne, na kila nikipita pale huangalia upande wa pili wa barabara.

Watakaosema kwamba binti huyu ana bahati mbaya tu, nawaomba watoke wakaketi barazani. Katika mtaa wangu namjua kijana mwenye digrii ya pili ya historia anayeendesha tuktuk ya mtu mwingine. Namjua bwana mwenye udaktari wa elimu ya hadithi kutoka Uarabuni anayesomesha chuoni watoto wa alifu kwa ujira usiotosha kodi ya nyumba. Namjua mama mwenye digrii ya pili ya biashara anayekaa kaunta katika duka la simu, na mwenye duka, ambaye aliishia darasa la nane, humwita "Profesa" kwa dhihaka mbele ya wateja. Zamani tukisema fulani hana kazi tulikuwa na maana kwamba hakusoma. Sasa mzee akikwambia mwanawe hana kazi, ni lazima umuulize amesoma mpaka wapi.

ZAMA ZILE

Hapa Mombasa wazee wakitaka kumhimiza mtoto kusoma humtajia Profesa Ali Mazrui. Kisa chake chajulikana, lakini aghalabu husimuliwa nusu. Alizaliwa mjini humu mwaka 1933, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtihani wake wa Cambridge haukuwa mzuri. Makerere ikawa haimtaki, akapata kazi ya ofisini katika chuo cha ufundi cha Waislamu kilichoitwa MIOME, hapa hapa kisiwani. Ni huko alikotoa hotuba katika sherehe ya Maulidi, gavana Sir Philip Mitchell akiwa miongoni mwa wasikilizaji, na hotuba ile ndiyo iliyomfungulia mlango wa kwenda kusoma Uingereza mwaka 1955. Akasoma Manchester, akasoma Columbia huko New York, akamalizia Oxford.

Hiyo ndiyo nusu isimuliwayo. Nusu ya pili ni kwamba Mazrui alianza kufundisha Makerere mwaka 1963, na digrii yake ya udaktari ya Oxford akaipata mwaka 1966 wakati tayari ameshakuwa profesa. Yaani cheti kilimkuta mtu yumo kazini. Kwa nini? Kwa sababu nchi zetu zilikuwa ndio kwanza zimepata uhuru, Wazungu walikuwa wakifunga masanduku, na kila ofisi ilikuwa na kiti kitupu kinachomngoja mwenyeji wa kukikalia. Akili yake ilikuwa kubwa, hilo hapana ashindanaye nalo. Lakini kiti pia kilikuwapo.

Hali ilikuwa hiyo hiyo hapa Kenya. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata kusimama peke yake mwaka 1970, baada ya kuvunjwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilikuwa ndicho cha pekee nchini, na kikabaki pekee hadi Moi kilipoanzishwa mwaka 1984. Mtu mwenye digrii moja tu alikuwa akitafutwa na serikali na makampuni kabla hajavua joho. Sisi tuliokuwa vijana nyakati hizo tuliyaona hayo kwa macho yetu, tukayaweka moyoni kama kanuni ya dunia, na tukawarithisha watoto wetu. Kumbe haikuwa kanuni. Ulikuwa ni msimu, na msimu hupita.

FEDHA ZA JIONI

Ni muhimu tufahamu jinsi mambo yalivyogeuka, kwa kuwa watu wengi hudhani serikali imewachukia wasomi au kwamba vijana wamekuwa wavivu. Sivyo.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwaandikisha kwa wingi wanafunzi wa kujilipia wenyewe, wale waliosoma jioni na mwisho wa juma, na vyuo vingine vikafuata upesi. Fedha zikamiminika. Matawi yakafunguliwa mijini, mengine katika majumba yenye maduka chini na madarasa juu, hata hapa Mombasa. Kila tawi lilitaka walimu. Mwaka 2013 vyuo kadhaa vikapewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili kwa mpigo mmoja, kikiwamo Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho ndicho ile ile MIOME ya zamani iliyobadilishwa majina mara kadhaa. Leo vyuo vikuu vya umma peke yake vimepindukia 30.

Katika joto hilo, mwaka 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaweka kanuni kwamba mtu hawezi kuwa mhadhiri bila ya Ph.D., na waliokuwa na digrii mbili tu wakapewa miaka michache ya kuitafuta ya tatu. Amri hiyo ilisomwa katika kila nyumba yenye kijana msomi. Mpwa wangu aliisoma. Nami niliisoma. Tulielewa kwamba serikali inasema: leteni madaktari, nafasi zipo. Nami hadi leo sioni kama tulikosea kuielewa hivyo, kwani mtu akitangaza kwamba mlango huu haupitiki ila kwa ufunguo fulani, anayesikia hudhani ndani mna kitu.

Kisha ukaja mwaka 2016. Waziri wa Elimu wakati huo, Dkt. Fred Matiang'i, alifunga mianya ya wizi wa mitihani ya KCSE. Waliopata alama ya A, ambao mwaka uliotangulia walipita 2,600, wakaanguka hadi 141. Na waliopata C+ na kuendelea, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, wakatoka zaidi ya 160,000 hadi 88,929. Wazazi walilia, wengine tukashangilia kwamba sasa mtihani ni mtihani. Lakini wachache waliona jambo la pili lililofichika ndani ya hesabu hizo. Kama waliofaulu ni 88,929 tu, basi serikali yaweza kuwapa wote nafasi za kulipiwa, na ndivyo ilivyofanya. Ikiwa wote wamelipiwa, nani atakuja jioni na fedha zake mkononi?

Hakuja mtu. Matawi yakaanza kufungwa, na vyuo vilivyokuwa vimeajiri, vimejenga na vimekopa kwa kutegemea fedha za jioni vikajikuta na madeni. Fedha za serikali kwa kila mwanafunzi nazo zikawa haziji kwa ukamilifu. Chuo kisichoweza kulipa mishahara ya waliopo hakiajiri wapya. Kwa hivyo kanuni ya kutaka Ph.D. ikabaki pale pale, na nafasi za kuzijaza hizo Ph.D. zikatoweka. Mwaka ule ule tuliouza kiwanja, wahadhiri wa nchi nzima waligoma siku 54. Ishara ilikuwa mbele ya macho yangu, tena nilikuwa nikiisoma gazetini kila asubuhi, wala sikuiona kuwa ni ishara.

MHADHIRI WA SAA

Sasa vyuo huendeshaje masomo bila ya kuajiri? Kwa kutumia wahadhiri wa muda, wanaoahidiwa malipo kwa saa au kwa somo. Mpwa wangu ni mmoja wao. Muhula uliopita alifundisha masomo matatu katika vyuo viwili, kimoja huku na kingine safari ya matatu mbili. Hana ofisi. Wanafunzi wakimtaka humkuta chini ya mwembe. Hulipwi likizo, hulipwi ukiugua, na muhula ukimalizika hujui kama utaitwa tena. Mitihani huisahihisha nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, na mamake humwondolea sahani apate nafasi ya makaratasi.

Hayo yangevumilika kama malipo yangekuja. Chuo kimoja kati ya hivyo viwili kina deni lake la mihula minne. Kila akienda kuuliza huambiwa faili iko kwa mhasibu, na mhasibu husema iko kwa mkaguzi. Naye haogopi kazi ngumu, bali huogopa kudai kwa sauti, maana mwenye kudai kwa sauti muhula ujao jina lake halionekani katika ratiba.

Na tusiseme kwamba walioajiriwa kikamilifu wao wamestarehe. Mwaka 2025 walimu wa vyuo vikuu vya umma waligoma kwa wiki saba, kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2017 hadi 2021. Ikiwa mtu mwenye barua ya kazi, mwenye chama cha kumtetea, hungoja fedha zake miaka yote hiyo na azipate kwa mgomo, mtu wa saa asiye na barua wala chama atazipata kwa dua gani?

Mpwa wangu hakukaa akingoja vyuo tu. Aliandika barua kwa makampuni. Mara mbili aliitwa kwenye mahojiano. Mara ya kwanza walimwambia waziwazi kwamba amesoma kupita kazi yenyewe, na kwamba wakimchukua atawatoroka siku atakapopata chuo. Mara ya pili mzee mmoja katika wale waliomhoji alimuuliza kama ataweza kuchukua amri kutoka kwa bwana mwenye digrii moja. Akajibu kwamba nyumbani huchukua amri kutoka kwa mamake ambaye hana hata moja. Wakacheka sana, wakamshukuru, wasimwite tena.

MASHEKHE NAO

Nimemtaja bwana mwenye udaktari wa hadithi, nami sitaki nimpite mbio, kwani jambo hili latuhusu sisi watu wa Pwani kuliko wengine.

Chuo Kikuu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961, na tangu hapo vijana wetu wengi wamekwenda huko, kama wengine walivyokwenda Al-Azhar ya Misri, na baadaye Sudan na kwingineko. Wamesomeshwa bure, wamepewa chakula na malazi, na wengine wameendelea hadi digrii ya tatu. Ni neema kubwa, na hapana mji wetu usiofaidika nayo. Lakini hebu tuulize: akirudi, aende wapi? Mahakama za Kadhi zimo katika katiba ya mwaka 2010, na nafasi zake ni chache, tena mtu akishazipata hukaa nazo miaka. Vyuo vikuu vyenye idara ya masomo ya Kiislamu vyahesabika kwa vidole. Chuo Kikuu cha Umma kule Kajiado, kilichoanzia kama chuo cha sharia mjini Thika, hakiwezi kuwabeba wote. Nako serikalini, karatasi zake zilizoandikwa kwa Kiarabu hupelekwa kutambuliwa na kulinganishwa na za hapa, na kazi hiyo huchukua muda mrefu.

Kwa hivyo hurudi msikitini na madrasa, penye heshima tele na ujira mdogo. Na sisi, waumini, tuna ada mbaya: mtu wa dini tunamtaka awe na elimu ya Madina na tumbo la malaika. Tukijenga msikiti twachangisha mamilioni ya marumaru na mazulia, na tukifika kwenye mshahara wa mwalimu twaanza kuzungumzia ikhlasi.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba masheikh wa zamani hawakuifanya elimu kuwa kibarua, na ni kweli. Wengi walikuwa na kazi zao mbali, wakafundisha kati ya swala na swala. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, kabla ya kuwa Kadhi Mkuu wetu mwaka 1968, alikuwa mwalimu wa shule za serikali Unguja kwa miaka mingi, huku akiandika vitabu vyake. Elimu na mkate vilikuwa vitu viwili. Mimi nakubali kwamba tulipovifanya kitu kimoja, tukaiona kila digrii kama tiketi ya kazi, tulijitia katika mtego. Lakini namwomba anayesema hivyo aangalie na upande wa pili: mwanafunzi wa zamani hakuuza kiwanja ili asome. Alilala msikitini, akala sahani moja na sheikh wake. Anayelipa laki kadhaa ana haki ya kuuliza kitarudi nini. Nami nimeona kwamba wanaohubiri elimu kwa ajili ya elimu aghalabu ni watu wenye pensheni.

MWANI WA KIBUYUNI

Jambo linaloniuma zaidi si kukosa kazi kwa mpwa wangu, bali ni kwamba kazi ya kufanya ipo. Udaktari wake aliufanya juu ya mwani. Kule Kibuyuni, katika kaunti ya Kwale, kina mama hulima mwani baharini, wakifunga miche kwa kamba maji yakitoka na kuja kuvuna majuma machache baadaye. Mwani ule hukaushwa ukauzwa mkavu kwa wanunuzi, na sehemu kubwa husafirishwa nje, ambako hutolewa utomvu wa kugandishia vyakula, dawa ya meno na mafuta ya kujipaka. Faida nono iko huko kwenye utomvu. Kina mama wamejifunza kutengeneza sabuni za mwani, na ni kazi njema, lakini baina ya kipande cha sabuni na ule utomvu pana elimu ya kemia ambayo binti wa dadangu anayo kichwani. Alikwenda, akakaa nao, akaandika kurasa mia tatu. Kitabu kimewekwa katika maktaba ya chuo.

Kwa nini basi hapana aliyemuajiri akaifanye kazi hiyo? Kwa sababu wenye haja ya elimu yake hawana fedha, na wenye fedha hawana haja nayo. Kina mama wa Kibuyuni hawawezi kulipa mshahara wa daktari. Mnunuzi anapata mwani mkavu kwa bei imfaayo, basi utomvu utolewe hapa kwa sababu gani? Kaunti zimekuwapo tangu mwaka 2013 na zina idara za uvuvi, lakini ukiangalia matangazo yao ya kazi utadhani Pwani nzima haihitaji chochote isipokuwa makarani, madereva na washauri wa gavana.

Kuna taasisi za utafiti, nazo ni za kujivunia: KMFRI ya mambo ya bahari, yenye makao yake hapa Mombasa, na KEMRI ya Kilifi iliyoshirikiana na Wellcome ya Uingereza tangu mwaka 1989. Lakini nyingi katika kazi za utafiti ni za mradi, miaka miwili au mitatu, fedha za mfadhili zikikwisha na kazi imekwisha. Mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID, watafiti na wahudumu wengi nchini humu waliamka asubuhi hawana kazi, na sasa wenye tajiriba ya miaka kumi wako katika foleni moja na mpwa wangu.

Wako wanaosema aende Ghuba. Ni kweli vyuo vya Oman na Saudia huajiri wageni wenye Ph.D. na hulipa vizuri. Lakini navyo siku hizi hutaka mtu aliyekwisha fundisha miaka kadhaa kwa barua kamili ya kazi, na barua hiyo ndiyo asiyokuwa nayo. Tena mamake ni mgonjwa wa sukari, na yeye ndiye anayempiga sindano. Watu husema "nenda" kana kwamba mtu ni mzigo wa kupakiwa jahazini.

Mimi sikusudii kuwakataza vijana kusoma, nisije nikaeleweka vibaya. Kusudi langu ni kwamba waambiwe kweli kabla hawajalipa. Chuo kinachompokea mtu kwa digrii ya tatu kingelazimishwa kumwonyesha waliomtangulia wako wapi na wanafanya nini. Misikiti na jumuia zetu zinazotoa misaada ya masomo zingekaa chini zikauliza mji huu unahitaji nini, badala ya kumpa kila aombaye na kupiga naye picha. Na sisi wajomba na maami, ambao neno letu katika majlisi huuza viwanja, tungejifunza kusema "sijui". Neno hilo lingemfaa sana dadangu mwaka 2017.

Ama ile fatwa, niliifuata. Nilikwenda kwa sheikh mmoja ninayemwamini, nikamweleza kisa chote. Akafikiri, kisha akasema: "Kunyamaza si uongo, maadamu hajaulizwa. Mwenye duka halazimiki kumwambia mteja vitu vyote alivyo navyo stoo. Lakini akiulizwa digrii yake ya juu ni ipi, akajibu nyengine, hapo amekwisha sema uongo, na riziki ya kuanzia na uongo mimi simnasihi nayo." Halafu akaniuliza, "Hiyo karatasi yenyewe yasemaje?"

Nikarudi, tukaifungua ile bahasha pamoja. Ndani mlikuwa na fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina na tarehe ya kuzaliwa, palikuwa na mstari uliouliza: kiwango cha juu kabisa cha elimu. Mpwa wangu aliutazama mstari ule kwa muda, kisha akachukua kalamu akaandika zote tatu, kwa mwaka na chuo, kwa hati nzuri aliyofundishwa na babake. Mamake alikuwa mlangoni. Hakusema neno.

Asubuhi niliipeleka bahasha mimi mwenyewe hadi kwenye lango la shule. Bawabu aliipokea, akaigeuza, akalisoma jina la aliyeiandika pamoja na lile "Dkt." lililo mbele yake. Akaniangalia kwa huruma.

"Mzee," akaniuliza, "kwani yule nesi wetu ameondoka?"